Mama Aliye Katikati

*Hii ni mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi ya Maendeleo wa Dayosisi mbele ya viongozi wa wanawake, wazee wa kanisa na watumishi wa sharika. Tumeichapa karibu yote kwa sababu wasikilizaji wengi waliomba nakala.*



 Tulipangiwa kuzungumza juu ya wanawake na maendeleo, mada ambayo kila mmoja wetu ameisikia mara nyingi. Kwa ruhusa yenu tutaipunguza kidogo. Leo tungependa kulitazama kundi moja tu la wanawake, yaani wale waliozaliwa kati ya mwaka 1970 na 1985 hivi, ambao sasa wako katika miaka ya arobaini na hamsini. Sisi tunaosema ni wa kundi hilo hilo, na tukiangalia viti vya mbele tunaona wenzetu wengi. Kwa hiyo tutasema "sisi" bila kuomba radhi.

Kundi lisilo na mradi

Tukianza na kazi yetu ya miradi, kuna jambo moja ambalo mtu akishaliona haliachi tena. Kijana ana mradi wake: mafunzo ya ufundi, ujasiriamali, mikopo ya vijana. Mama mjamzito na mwenye mtoto mchanga ana kliniki, ana kadi, ana wahudumu wa kumfuatilia. Msichana ana programu ya kumlinda asiolewe mapema na asikatishwe masomo. Mzee naye, ingawa huduma zake ni chache, ana Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inayomtaja kwa jina kuanzia umri wa miaka 60.

Mama wa miaka hamsini na miwili yuko wapi? Utafiti mkubwa wa taifa wa hali ya afya na uzazi, ambao wataalamu wengi huutumia kupanga mipango, huwahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49. Akitimiza hamsini anatoka kwenye jedwali. Kwenye sera ya wazee bado hajaingia. Kwa miaka kumi hivi anakuwa kama mtu aliyeshuka kwenye basi moja na basi la pili halijafika, naye amesimama kituoni na mizigo yote kichwani.

Lakini ukija kwenye utekelezaji, mama huyo huyo yuko kila mahali. Nani ni mweka hazina wa kikundi cha ng'ombe wa maziwa? Ni yeye. Nani anawalea yatima wanaosaidiwa na mradi? Ni yeye. Nani anapika semina inapofanyika, nani anahamasisha jumuiya, nani anakaa kwenye kamati ya maji, kamati ya shule na kamati ya ujenzi wa nyumba ya mchungaji? Ni yeye. Katika miradi karibu yote yeye ni mtekelezaji, na ni mara chache sana awe mlengwa. Hapo ndipo hoja yetu ya leo inapoanzia.

Tumetoka wapi

Kila kizazi kina historia yake, na mizigo ya kizazi chetu haikuanguka kutoka mbinguni.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kuwa kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi ifikapo 1977. Wakubwa wetu katika kundi hili waliingia darasa la kwanza mwaka huo huo. Wasichana na wavulana waliketi pamoja chini ya miti kwa wingi ambao nchi haikuwahi kuuona. Hiyo ilikuwa baraka kubwa. Lakini nafasi za sekondari hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Tulipomaliza darasa la saba mlango ulikuwa mwembamba mno, na pale wazazi walipopata fedha za kumlipia mtoto mmoja tu katika shule ya kulipia, mara nyingi aliyepelekwa ni kaka. Dada alibaki nyumbani, au alipelekwa mjini kulea watoto wa ndugu.

Wakati huo huo nchi ilikuwa imetoka kwenye vita ya Kagera ya 1978 na 1979. Tulipanga foleni za sukari, sabuni na khanga. Baadaye likaja soko huria, na kuanzia 1993 hospitali za serikali zikaanza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama. Ada za shule ya msingi, zilizokuwa zimeondolewa, zikarudi katikati ya miaka ya 1980, na hazikufutwa tena hadi mwaka 2001. Maana yake ni kwamba wadogo wa kizazi chetu walisoma kwa kufukuzwa shule na kurudishwa, kisha tukajifungua watoto wetu katika kipindi ambacho kila huduma ina bei.

Huku kwetu mlimani Kilimanjaro kulikuwa na pigo jingine. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa ulivunjika, na bei ikaporomoka. Kahawa ndiyo iliyokuwa ikilipa ada na kununua mabati, na kwa desturi kahawa ilikuwa mali ya baba. Ilipoanguka, nyumba zilibaki zikitegemea ndizi, maziwa na mboga za sokoni, yaani vitu vya mama. Mapato ya baba yalipungua, lakini majukumu ya mama yaliongezeka. Hakuna kikao kilichokaa kuamua hivyo. Ilitokea tu, na ikawa kawaida.

Juu ya hayo yote ukaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na dawa za kufubaza virusi hazikuanza kutolewa bure hadi 2004. Miaka ile ya katikati sisi tulikuwa na umri wa miaka ishirini na thelathini. Ni sisi tuliowauguza kaka na dada zetu waliorudishwa kutoka mijini wakiwa wamebaki mifupa, na ni sisi tuliobaki na watoto wao. Wengi wetu tulikuwa tumelea familia nzima kabla hatujamaliza kulea wa kwetu.

Mzigo wa juu: wazazi

Sasa wazazi wetu wana miaka sabini na themanini. Tunamshukuru Mungu kwa uhai wao. Lakini kuishi muda mrefu kumekuja na presha, kisukari, viungo kuuma, macho kufifia na kusahau. Mzee aliyepooza upande mmoja anahitaji kugeuzwa usiku, kuogeshwa, kulishwa na kupelekwa kliniki kila mwezi kwa bodaboda au kwa gari la kukodi kwenye barabara ya matope.

Nani anafanya hayo? Watoto wa kiume wengi wako Dar es Salaam, Arusha au nje ya nchi. Wanatuma fedha kwa simu, na tunawashukuru sana, maana dawa hainunuliwi kwa maneno. Lakini fedha ya simu haimgeuzi mtu kitandani saa nane za usiku. Anayemgeuza ni binti aliyeolewa kijiji cha pili, ambaye anatoka kwake alfajiri, anakuja kumhudumia mama yake mzazi, kisha anarudi mbio kumhudumia mama mkwe. Siku ya kikao cha ukoo, aliyetuma laki mbili anatajwa kwa jina na kupigiwa makofi. Aliyefua mashuka miaka minne anaambiwa alete chai.

Mkulima wa Tanzania Bara hana pensheni ya uzee kutoka serikalini. Wenzetu wa Zanzibar walianza mwaka 2016 kuwapa pensheni wazee wote waliofikisha miaka 70, hata asiyewahi kuajiriwa. Huku kwetu pensheni ya mzee ni watoto wake, na kwa maana halisi ni binti yake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Ni wajibu wa viongozi wa sharika kuwaeleza wazee na walezi wao jinsi ya kujisajili, na kuwasaidia wazee wasio na uwezo wapate msamaha wa matibabu ambao sera inawapa, badala ya kila mama kwenda kubishana dirishani peke yake.

Mzigo wa chini: watoto na wajukuu

Tuliwaahidi watoto wetu kwamba wakisoma watatoka. Tuliuza ndama, tuliuza shamba la chini, tulikopa, ili wafike kidato cha sita na chuo. Tangu 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne imeondolewa, na tangu 2022 hata kidato cha tano na sita. Ni hatua kubwa, na tunaishukuru serikali. Hata hivyo sare, chakula cha mchana, daftari na nauli havikuondolewa, na mama anajua kwamba mtoto hasomi kwa tangazo la redio.

Sasa mtoto amehitimu. Ana cheti kwenye bahasha ya kaki na amekwisha kuomba kazi kila mahali. Amerudi nyumbani ana miaka ishirini na saba. Anaona aibu kushika jembe na mama anaona aibu kumwambia alishike. Wengine wamepata bodaboda ya mkataba, ambayo marejesho yake yakikwama anayelipa ni mama. Wengine wamerudi na mimba au na mtoto mgongoni, kisha wamerudi mjini kutafuta maisha, na mtoto amebaki kwa bibi.

Tunapotaja bibi msifikirie kikongwe mwenye mkongojo. Bibi wa leo ana miaka arobaini na minane. Asubuhi anamvalisha mjukuu sare ya chekechea, mchana anampeleka mama yake kliniki, jioni anaongea na mwanaye mhitimu ili asikate tamaa na kuingia kwenye gongo. Mzigo wa juu na mzigo wa chini vinakutana kwenye mgongo mmoja. Ndiyo maana tumemwita mama aliye katikati.

Mzigo wa fedha

Haya yote yanahitaji fedha, na fedha ya mama huyu kwa sehemu kubwa ni ya mkopo. Hapa tuseme wazi, maana tuko nyumbani.

Vikundi vya kuweka na kukopa, yaani VICOBA, vimewasaidia wanawake wengi kuliko taasisi nyingi zenye majengo makubwa. Vimetufundisha kuweka hisa, kuwa na katiba na kusimama mbele ya watu kusoma mahesabu. Tunaviunga mkono. Lakini tunafahamu akina mama walio kwenye vikundi vinne kwa wakati mmoja. Jumanne anakopa hapa ili alipe Jumatano pale. Huyo hajengi tena mtaji. Anahamisha deni kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, na kila linapohama linanenepa.

Kisha anaingia kwenye mikopo ya mitaani ambayo wenyewe tumeipa jina la kausha damu. Tupige hesabu pamoja. Mama anapewa shilingi 300,000 na anatakiwa kurudisha 12,000 kila siku kwa siku thelathini. Jumla atalipa 360,000. Anaambiwa riba ni asilimia 20 tu. Lakini angalieni vizuri. Kuanzia siku ya kwanza ameanza kurudisha, na kufika siku ya kumi na tano nusu ya fedha ile haiko mikononi mwake tena. Kwa wastani wa mwezi mzima alikuwa na kama 155,000 tu za kufanyia biashara, na kwa hiyo fedha amelipa riba ya 60,000. Hiyo inakaribia asilimia 40 kwa mwezi mmoja. Ni biashara gani ya ndizi au mitumba inayoleta faida kama hiyo? Akishindwa, wanakuja kuchukua runinga, makochi, hata godoro, mbele ya wajukuu.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, na vikundi visajiliwe. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mkopeshaji ni, "Leseni yako iko wapi?" Swali la pili ni, "Mkataba uko wapi, na nakala yangu?" Asiyetoa majibu, mkimbie. Ipo pia mikopo ya halmashauri isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake. Ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Masharti yake yanahitaji uvumilivu, lakini haichukui godoro la mtu kwa riba.

Na tusilaumu wakopeshaji peke yao. Sehemu ya mikopo hii tunaisababisha sisi wenyewe kwa sisi. Sare ya kitenge cha harusi hii, mchango wa kumuaga binti wa yule, kicheni pati, ubarikio, ubatizo, matanga. Mama anakopa ili asionekane hayupo. Tukumbuke methali ya wazee wetu: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayepanga kiwango cha chini cha mchango mara nyingi hajui kilikopwa wapi.

Mzigo wa mwili

Akina baba mtuvumilie, au tuseme, msikilize kwa makini zaidi hapa.

Kati ya miaka 45 na 55 hivi mwanamke huacha kupata hedhi. Si ugonjwa. Ni badiliko la mwili, kama lile la kuvunja ungo, lakini lile la kwanza tulifundishwa na mashangazi na hili la pili hakuna aliyetufundisha. Linakuja na joto la ghafla, jasho usiku, usingizi kukatika, moyo kwenda mbio, hasira za karibu, huzuni isiyo na sababu, na ukavu unaofanya tendo la ndoa liume. Mama asiyejua anadhani amelogwa. Mume asiyejua anadhani mkewe amemchoka, au ana mtu mwingine. Tunaamini kwamba baadhi ya ndoa zinazofikishwa mbele ya wazee wa kanisa katika umri huu zingepona kwa nusu saa ya maelezo ya muuguzi.

Kisha kuna yale yaliyo ugonjwa kweli. Presha hupanda kimya kimya katika umri huu. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini kuliko saratani nyingine zote, na inafuatiwa na ya matiti. Watoto wetu wa kike wamepata bahati ambayo sisi hatukuipata, maana chanjo ya kuzuia saratani hiyo ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Sisi tulio na miaka hii kinga yetu ni kupimwa. Kipimo ni rahisi: muuguzi anapaka siki maalumu kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kama kuna sehemu inayogeuka nyeupe. Dalili za awali zikionekana mapema zinatibiwa kabla hazijawa saratani. Ni dakika chache tu. Na tafadhali mshike hili hata mkisahau mengine yote: mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi kwa mwaka mzima akiona damu tena, hata tone, asingoje mwezi ujao. Aende hospitali.

Kwa nini hatuendi? Kwa sababu siku ya kupimwa ni siku ya soko. Kwa sababu nauli imeliwa na dawa ya mzee. Kwa sababu mama aliye katikati amezoea kumpeleka kila mtu hospitali isipokuwa mwenyewe.

Mzigo wa kesho: ardhi na nyumba

Mwanamke anaweza kuolewa akiwa na miaka ishirini, akakitunza kihamba kwa miaka thelathini, akazika wakwe wote wawili, na bado akiulizwa kihamba ni cha nani, jibu likawa ni cha mume, na baada ya mume ni cha mtoto wa kiume wa mwisho. Kizazi chetu sasa kimefika umri wa kufiwa na waume. Swali hili linatujia kila mwezi ofisini.

Sheria zimesemaje? Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu mali iliyochumwa pamoja igawanywe ndoa inapovunjika. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali hiyo. Rufaa yake mwenyewe haikufanikiwa, lakini kanuni ile imewasaidia wanawake wengi waliokuja nyuma yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Tena sheria hairuhusu nyumba ya familia iwekwe rehani bila ridhaa ya mwenzi.

Mjane, hata hivyo, bado anakutana na tangazo la sheria za mila la mwaka 1963, ambalo lilimweka nje ya urithi wa mumewe. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilitoa uamuzi kuhusu wajane wawili wa Kitanzania, ikasema kwamba haki zao zilivunjwa na kwamba sheria hizo zirekebishwe. Kwa hiyo mjane asiye na karatasi anasimama mahali pa kuteleza.

Ushauri wetu ni wa vitendo. Cheti cha ndoa kitafutwe na kuhifadhiwa. Hati ya shamba, hata ya kimila, iandikwe majina mawili. Mume aandike wosia akiwa mzima. Wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, RITA, husaidia kuuandika na huuhifadhi. Kuandika wosia si kuita kifo. Kifo hakingoji kuitwa.

Tunaomba nini

Wapo watakaosema kwamba kubeba ndiyo kazi ya mama, Mungu alimwumba hivyo. Tunawaheshimu, lakini tunawaomba wafikiri tena juu ya Bwana wetu pale msalabani. Mama yake alikuwa amesimama karibu, naye alikuwa mwanamke wa umri huu huu tunaouzungumzia, au amezidi kidogo. Yesu alihitaji kumkabidhi kwa mtu wa kumtunza. Walikuwepo wanawake wengine pale pale. Alimkabidhi kwa mwanamume, na mwanamume yule akampokea nyumbani kwake. Kama kumtunza mama mzee kungekuwa aibu kwa mwanamume, jambo lile lisingefanyika mahali pale na saa ile.

Kwa hiyo tunaleta maombi sita kwa sharika zetu.

Kwanza, kila familia yenye mgonjwa au mzee wa kutunzwa ikae kikao, na wazee wa jumuiya wasaidie. Igawanywe fedha, na zigawanywe siku na usiku pia. Kaka aliye mbali aje zamu yake, au alipe msaidizi wa kumpumzisha dada yake. Na anayetunza asikilizwe kikaoni kabla ya anayetuma.

Pili, kila kikundi kiwe na kanuni kwamba mwanachama mwenye deni kikundi kingine alitaje kabla ya kukopeshwa. Si kumwaibisha, ni kumzuia asizame. Mfuko wa jamii wa kikundi usiwe wa misiba tu. Uwasaidie pia wanaouguza.

Tatu, halmashauri za sharika ziweke kiwango cha juu cha michango ya sherehe, na sare ziwe za hiari kwa kweli, si hiari ya kutazamana.

Nne, angalau mara mbili kwa mwaka, baada ya ibada, wauguzi waalikwe kupima presha, sukari na saratani ya mlango wa kizazi, na mada ya kukoma hedhi ifundishwe kwa wake na waume pamoja. Mkipanga siku, pangeni isiwe ya soko.

Tano, wosia na majina mawili kwenye hati viingizwe katika mafundisho ya ndoa, na pia vifundishwe kwa wenye ndoa za zamani. Na kwenye darasa la kipaimara wavulana wafundishwe kuuguza na kupika, ili kizazi kijacho cha akina mama kisirithi mgongo wetu.

Sita, na hili linatuhusu sisi wa miradi pamoja nanyi: kabla ya kuanzisha kamati, semina au kikundi kipya, tuulize ni nani atakayefanya kazi hiyo na ataacha nini ili aifanye. Mradi unaomwongezea mama mkutano wa tano katika juma unapaswa kumwonyesha umempunguzia nini.

Akina mama wenzetu, neno la mwisho ni lenu. Wengi wetu tulifundishwa kwamba mama mwema ni yule asiyechoka. Hakuna mtu wa namna hiyo. Kusema "leo nimechoka, naomba mtu mwingine apike" si dhambi wala si uvivu. Mzigo ukishushwa chini kwa muda haupotei. Unabaki pale, na wengine wanapata nafasi ya kuuona ulivyo mkubwa, na pengine wakaushika upande mmoja.

Akina baba, mkiuona upande ule, ushikeni.